Usukani wa Mume wa Natalia

Haya yalimkuta rafiki yangu Zubery, fundi wa kuchomelea vyuma pale Katesh, na alinisimulia kichwa chote kikiwa kwenye bendeji. Manyara ilikuwa mkoa mpya, na vijana walitaka pikipiki kuukuu zirefushwe shokapu za mbele, ziwekewe usukani wa juu kama pembe za ng'ombe. Zubery akaenda Gitting kununua moja kwa mjane aitwaye Natalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ichukue, ila usukani usiukate. Mume wangu alikatwa panga akiwa ameshika klachi, hapo kushoto kwa usukani. Tulimzika bila mkono wa kushoto. Tuliutafuta, hatukuuona."

Zubery akampa pole, akarudi kwake, akaukata. Akaunga pembe, akarudishia klachi ileile, na Jumamosi mchana akapanda nayo mlimani kuijaribu. Ukungu wa Hanang ukashuka, giza likatanda. Kwenye mteremko pikipiki ikawa nyepesi, gia hazishiki, injini inanguruma bure. Akarushwa mtaroni. Jiwe likampasua paji la uso, mfupa wa bega ukatoboa shati.

Alilala pale akimeza damu yake, akisikiliza. Injini bado ilinguruma, iko gia ya tatu, lakini tairi la nyuma halikuzunguka. Akafuta damu machoni, akatazama. Klachi ilikuwa imebanwa hadi mwisho, na hakuna aliyeishika.

Kisha ikaachiwa, polepole, kama anavyoachia dereva mzoefu, na tairi likaanza kuzunguka.