Sanduku la Barua la Marehemu Amani

Hilux nyeupe iliitafuna barabara ya Kilambo, mshale wa spidi umelala kulia kabisa.

Mbele yake, lori la Fuso limesheheni.

Kwenye usukani ni Helena, mpelelezi wa idara ambayo haina kibao mlangoni. Bastola ya Glock kiunoni. Pete ya ndoa kidoleni, ingawa aliyemvisha walishamzika.

"Twiga, hapa Kasa," redio ilikoroma. Huyo ni Muzamil, fundi wa kompyuta wa idara, amebaki mjini na laptop yake. "Umeliona?"

"Nalipita sasa hivi."

Akalipita kweli. Akakata kona, akapiga breki, Hilux ikakingama katikati ya barabara. Fuso likalia, likasimama. Dereva anashusha kioo, Glock inamtazama puani.

"Fungua nyuma."

"Dada, hii salfa tu. Dawa ya mikorosho. Ukiivuta utapiga chafya mpaka Ijumaa."

"Fungua."

Akapasua gunia la kwanza. Unga wa njano. La pili, njano. Akachimba mpaka chini kabisa, akatoka humo njano yeye mwenyewe kuanzia nywele mpaka buti.

Bunduki hakuna.

Kwa mara nyingine, yaani. Alitega Msimbati, akaambulia upepo. Akatega Mahurunga, upepo. Leo Kilambo. Kuna mgeni mmoja anajiita Kanali, anaingiza silaha bandarini chini ya magunia ya salfa, kisha anazivusha mto Ruvuma kwenda kuwauzia wachoma vijiji wa ng'ambo. Na kila Helena akitega huku, Kanali anapita kule. Utadhani walipanga pamoja, wanakula sahani moja.

"Kuna mtu anatuuza," Muzamil alisema.

"Nikimjua ni nani," Helena akajibu, "namla mbichi."

Maskini. Hakujua anajitisha mwenyewe.

*

Makontena ya salfa ya Kanali yalikuwa yanatoka kwa amri zilizotumwa bandarini kwa imeili ya kampuni moja ya uwakala wa mizigo, Kusi Nyota. Anwani halali, sahihi halali. Ila hakuna mfanyakazi aliyezituma.

Helena alikuwa hapendi kuingia ofisi ile. Amani, mumewe, ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta pale, mpaka bodaboda ilipomgonga akivuka barabara kufuata chapati. Kiti chake bado kipo. Mto wa kukalia alioushona Helena bado upo juu yake.

Akaangalia pembeni.

"Kompyuta zote zina antivairasi," Rajabu, meneja, alijitetea huku akijipepea na bahasha. "Nimelipia kwa hela yangu. Mmezisafisha, zikachafuka. Mmezisafisha tena, zimechafuka tena. Sasa huyu kijana ananiambia na seva ya imeili nayo iwekewe ya kwake. Kila chumba kina kufuli, na ukumbini nifunge kufuli?"

"Mwizi wako analala ukumbini, bosi," Muzamil alisema bila kuinua macho.

"Sijakuelewa."

"Antivairasi ya kompyuta inakagua barua ikifika kwenye kompyuta hiyo. Lakini barua zote zinaanza kutua kwenye seva, na seva yako haina mlinzi. Kirusi kimeweka kambi humo. Kila mkisafisha vyumba, kinatoka ukumbini kinawachafua upya. Kinatuma amri kwa jina lenu. Na kila barua inayoingia pale kilipojificha, kinamtumia Kanali nakala." Akageuza laptop. "Kimejificha kwenye sanduku moja ambalo hakuna kompyuta inayolifungua. Barua zinaingia tu, hakuna anayezisoma. Ni la nani hili?"

Rajabu akaacha kujipepea.

"La Amani," alisema.



"Mtu kafa, hamkulifunga?" Muzamil akauliza.

Rajabu hakumtazama yeye. Alimtazama Helena. "Shemeji, nisamehe. Niliona barua zako zinaingia, jioni jioni. Sikusoma hata moja, wallahi. Nikasema nikilifunga, zitaanza kukurudia. Utafiwa mara ya pili. Nikaacha."



Ni kweli, Helena alikuwa anamwandikia. Kila jioni, simu mkononi, kitandani upande wake ule ule. Mume wangu, leo mvua imenyesha. Mume wangu, jirani ameulizia ile ngazi yako. Mume wangu, kesho natega Mahurunga, ungekuwepo ungeniambia nibebe koti.

Kazini alikula kiapo, siri asimpe mtu yeyote. Lakini Amani si yupo kaburini? Siri ukimpa marehemu, umeizika.

Kumbe alikuwa anamsomea Kanali.

"Dada Helena," Muzamil aliita taratibu. "Nikisafisha?"

"Bado."

Akatoa Samsung yake. Akaandika.

*Mume wangu. Nimechemsha mizizi ya ming'oko ikaungua, nimekula hivyo hivyo. Kesho asubuhi vijana wote tunashuka Kilambo. Njia ya Madimba hatuachi hata mtu mmoja. Niombee.*

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumdanganya Amani. Hata bei ya kitenge alikuwa anamtajia ile ile.

Akabonyeza. Ikaenda.

*

Asubuhi, kona ya Madimba, jua limeshachangamka.

Mama mmoja kajitanda khanga, ana sinia la korosho kando ya barabara. Chini ya korosho, Glock.

"Twiga, Land Cruiser mbili na lori la canter, zinakuja kwako," Muzamil alisema kwenye kifaa cha sikioni. Droni yake ilikuwa juu inazunguka.

"Nawaona."

"Wanakimbia."

"Waache wakimbie."

Mkeka wa misumari ukavutwa kukatiza lami. Pa! Pa! Pa! Matairi yakapasuka, Land Cruiser ya mbele ikaingia mtaroni, ya pili ikaibamiza. Vijana wa idara wakaibuka migombani. Risasi zikajibizana. Sinia likatobolewa, korosho zikaruka. Helena akabiringika, akapiga mbili, bunduki ya jamaa ikaruka na jamaa akakaa chini ameshika mkono.

Risasi zikakoma.

Ndani ya canter, magunia ya salfa. Chini ya salfa, AK zimepangwa zinang'aa mafuta.

Kanali alitolewa kwenye gari, shati jeupe, damu kwenye nyusi. Kiswahili chake kilikuwa safi. Alimtazama Helena, akatabasamu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Unaandika vizuri, mama. Ile ya ngazi ya jirani, nilikaa nayo. Mumeo alikuwa hakujibu. Mara mbili tatu nilitaka nikujibu mimi."

Glock ikapanda yenyewe mpaka paji la uso wake. Vijana wakasita. Kidole kikagusa chuma.

Helena akaishusha bastola.

"Ungejibu," alisema, "tungekushika mapema."

Akamfunga pingu.

*

"Tayari nimeweka mlinzi kwenye seva," Muzamil alisema. Rajabu alikuwa amesimama nyuma yake, amekubali sasa. "Limebaki sanduku lenyewe. Naweza kuzisafisha barua moja moja, dada, nikakuwekea kwenye flashi. Ni zako."

Helena aliitazama ile orodha kwenye kioo. Jioni zake zote, zimepangana.

"Zilikuwa za Amani," alisema. "Ameshazisoma mtu mwingine. Futa."

"Zote?"

"Funga na sanduku."

Muzamil akafuta. Haikuchukua hata muda wa kukohoa.

Nje, simu ikaita. Mkuu Selemani wa idara, kutoka makao makuu.

"Binti, nimepokea taarifa. Kazi nzuri. Hayo mengine, ya barua zako, tutayaongea baadaye. Sasa chukua likizo, mwezi mzima."

Helena akavaa miwani yake nyeusi, akafungua mlango wa Hilux.

"Niende kwa nani, mkuu?"

Akakata simu, akawasha gari.