Mlango wa Nyuma wa Wietske

Mtaani kwa Wietske, pale Veendam, Uholanzi, watu huingia kwa mlango wa nyuma. Mchana mlango huo haufungwi kwa ufunguo. Mlango wa mbele ni wa posta na polisi.

Jumanne moja, mvua ikinyesha, jirani yake Gerlof alikuja kurudisha sufuria. Alimkuta Jorinde, binti wa Wietske wa miaka kumi na sita, amesimama mlangoni na baiskeli yake, analowa.

"Unangoja basi hapo?" Gerlof aliuliza.

"Nangoja mama afungue."

Mlango ulikuwa wazi.

Ndani, Wietske alikuwa akimenya viazi. "Umeona adabu hiyo? Tangu atoke kwenye makao ya vijana haingii bila ruhusa. Hata chooni anaomba! Miezi minane imemnyoosha."

Hakimu ndiye aliyemweka Jorinde kwenye makao hayo yenye kufuli, kwa usalama wake, kwa sababu alikuwa akitoroka nyumbani. Wietske alikuwa amebandika ratiba ya makao kwenye friji. Kukabidhi simu saa mbili usiku, kitandani saa tatu.

Gerlof alifanya kazi miaka ishirini katika makao kama hayo. Alikunywa kahawa yake kwa biskuti moja, akaenda zake.

Jumamosi Jorinde alivunja sahani, akamtukana mama yake, akatoka. Wietske akafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo. Gerlof alipokuja ilibidi agonge dirisha.

"Kuna nini leo? Umefungia maiti?"

"Ametoroka tena. Nampigia ofisa wa ustawi wa jamii. Watamrudisha kule, basi."

"Ametoka lini?"

"Dakika ishirini."

"Hiyo ni hasira, mama. Mpigie yeye kwanza."

Jorinde alipokea. "Niko kwenye kibanda cha chipsi. Sina hela," alisema, akakata.

Wietske akaketi. "Kule alikuwa ametulia, Gerlof. Mimi ndiye nimemharibu?"

"Hapana. Kazini kwangu mimi nilifungua milango mara mia kwa siku. Kijana akisimama kimya mlangoni, tuliandika: anaendelea vizuri. Wengi walitulia kweli. Lakini utulivu ule ulishikwa na funguo zetu. Akija nyumbani inabidi ajishike mwenyewe, na hajazoea. Miezi ya mwanzo wengine hurudi nyuma kidogo. Anajifunza kuchagua, na anayejifunza hukosea."

"Kwa hiyo nimwache avunje sahani zote?"

"Aseme samahani, na afagie vigae. Wekeni sheria mbili tatu, mpatane naye. Mengine aamue yeye. Na watu wake wasibadilike-badilike: wewe, mwalimu wake, ofisa wake. Ya leo ofisa aambiwe, ila mwambieni mkiwa wote wawili."

Wietske alifungua mlango. Akaichana ratiba.

Jorinde aliporudi alifagia vigae. Jioni waliandika sheria tatu. Ya kwanza: akiondoka aseme anakwenda wapi. Kisha Wietske akampa Jorinde ufunguo wa mlango, uwe wake mwenyewe.

Haikuwa rahisi. Novemba Jorinde alikosa shule siku nne. Mwalimu alimfuata, wakazungumza, akarudi. Hakimu alipoitazama tena kesi yake, alimwacha nyumbani.

Januari, siku ya baridi na upepo, mlango wa nyuma ulipigwa teke. Jorinde aliingia na viatu vya matope, akaenda moja kwa moja chooni.

"Viatu!" Wietske alipiga kelele. "Na mlango! Tunapasha joto mtaa mzima?"

"Funga wewe, uko karibu!"

Wietske aliinuka kuufunga.

"Uache," alisema Gerlof kutoka uani. "Naingia."