Jasho la Rubani

Kitu cha kwanza alichokiona Eseza kilikuwa doa. Wenzake waliikodolea macho picha ya koti kwenye simu ya Harrison. Yeye aliona kola tu. Jasho la miaka mingi, jeusi, limeganda kama masizi ya sufuria. Eseza hakuwa msemaji.

Alhamisi jioni. Chumba cha nyuma ya pazia, International City, mtaa wa vibarua huku Uarabuni, vitanda vya ghorofa pande zote. Wenye vitanda walikuwa kazini.

"Koti la rubani wa vita vya zamani," alisema Harrison, mlinzi wa lango la chini la hoteli moja ya Garhoud. "Ngozi ya farasi. Mjapani wa ghorofa ya tano amekuja nalo kwenye maonyesho. Huko kwao yanagombewa kama viwanja. Raed mwenye lori ana Mjapani mwingine anayelitaka."

"Mtu na hela zake anavaa nguo ya marehemu?" Fanuel akauliza.

"Havai. Analitazama."

"Basi aninunue mimi. Natazamika."

Eseza akatabasamu chini ya mtandio. Fanuel, Mtaita, msafisha vyumba wa hoteli hiyohiyo, alikuwa na utani hata msibani. Kwa utani huo alimpata Eseza, aliyekuwa akishona vifungo vya wageni kule dobini, kimya, kutwa nzima.

Harrison hakucheka. "Kesho Ijumaa. Mjapani huteremka kula saa sita u nusu. Walinzi wenzangu watakuwa msikitini. Fanuel, unalishusha ndani ya mashuka machafu, unapita kwangu, sikupekui. Eseza yuko ofu, atalipokea hapa. Jioni Raed analichukua, na sisi watatu tunapanda lori lake la mboga linalorudi Oman. Asiyekuwa tayari anabaki."

Nani angetaka kubaki? Pasipoti zao zilifungiwa kabatini kwa kafeel, mwajiri aliyewadhamini. Harrison alikuwa amempiga msimamizi ngumi. Kesi ilikuwa inapikwa. Eseza alikuwa na mimba. Mwanamke asiye na cheti cha ndoa akienda kujifungua hospitali hapa, polisi huitwa kabla kitovu hakijakauka. Alimwogopa kila aliyemtazama kiunoni. Hakuwa amemwambia mtu, hata Fanuel, mwenye mimba yake. Angemwambia Oman.

Ijumaa, saa saba. Simu ya Harrison: "Amepita kwangu. Mpokee."

Saa nane. Hakuna mtu. "Amefika?"

"Bado."

Saa tisa Fanuel akaingia anahema. Akamrushia Eseza furushi la mashuka, akasukuma mfuko wa nailoni chini ya kitanda. "Huo usiufungue mpaka tuvuke. Narudi kazini, wasije wakanitafuta."

Eseza akalikunjua koti.

Lilikuwa baya kuliko picha. Kola inanuka. Mfuko umechanika. Ndani, kwenye bitana, jina la mtu limeandikwa kwa wino, limefifia, limezungukwa na madoa. Dobini, nguo ikirudi kwa mgeni na doa, mshahara unakatwa, madam anakuita mbele ya watu. Na hili ndilo la kumpa Raed? Akilitupa?

Akachukua spiriti. Akasugua kola mpaka pamba ikatoka nyeupe. Akafua bitana kwa sabuni, polepole, wino ukaondoka pamoja na madoa. Akashona mfuko kwa mkono wake bora. Akapaka dawa ya viatu ya kahawia, akang'arisha. Koti likawaka kama limetoka dukani.

Kwa mara ya kwanza wiki ile, alipumua.

Saa kumi na moja waliingia wote. Raed, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, aliongea taratibu. "Hebu nilione, mwanangu."

Alilishika. Akalinusa. Akageuza bitana.

"Hili jipya."

"Jipya vipi?" Harrison akauliza.

"Japani wapo mafundi wanayashona haya leo hii, kwa mashine za kale, uzi uleule, kifungo kilekile. Mazuri kweli, yanauzwa madukani. Mie nimeagizwa la marehemu. Na jasho lake, na jina lake hapa ndani. Jina liko wapi?" Akalitupa kitandani. "Mnanicheza shere. Khalas, yamekwisha. Lori langu halipandi mtu."

Mlango ukafungwa.

Harrison akageuka polepole. "Fanuel. Saa saba ulipita kwangu. Hapa umefika saa tisa. Ulikuwa wapi?"

"Mankhool, kule madukani."

"Kufanya nini?"

Fanuel alimtazama Eseza, kisha akainamisha macho. "Mambo yangu."

"Umelibadilisha. La kweli umeliuza."

"Harrison, ndugu yangu, niapishe…"

Eseza alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, kwenye ulimi. Ndivyo lilivyokuwa hata darasa la nne, siku mwalimu alipomsimamisha asome, darasa zima likacheka, naye hakurudi tena shule. Mdomo ulifunguka, sauti ikagoma.

Kisu cha vitunguu kilikuwa juu ya friji. Harrison alikiwahi.

"Ni mimi!" Eseza akapiga kelele. "Nimelisafisha mimi!"

Kisu kilikuwa kimeshaingia.

Harrison akatazama koti linalong'aa. Akamtazama Eseza. "Umelisafisha," alisema, kama anayefundishwa lugha ngeni. Halafu akakimbia.

Fanuel alikaa sakafuni, mikono tumboni, damu ikipita kati ya vidole. "Toka. Mfuate Raed. Mpigie magoti, mweleze."

"Nyamaza."

Ambulensi huja na polisi. Kila mtu wa jengo lile alijua. Eseza alichukua simu ya Fanuel, akapiga, akataja jengo na chumba, sauti wazi. Kisha akapapasa chini ya kitanda akitafuta kitambaa, mkono ukagusa mfuko wa nailoni.

Ndani mlikuwa na gauni la deria. Jipya, la maua, pana mno kwa kiuno chake. Pana kwa mimba ya miezi saba, minane. Kumbe hayo ndiyo mambo yake ya Mankhool; alijua.

Akalikunja, akalikandamiza kwenye jeraha kwa nguvu zake zote. Nje, ving'ora. Nyayo kwenye ngazi.

"Kimbia," Fanuel akanong'ona.

Eseza hakunong'ona. Alisema kwa sauti ambayo hata chumba cha pili waliisikia:

"Fanuel, nina mimba yako."