Waya wa Kichanja Golini

Kila Jumatano, baada ya kufagia madarasa, wasichana wa darasa la sita walishuka uwanjani kufanya mazoezi ya mpira. Goli halikuwa na nyavu. Mwalimu Clemence alikuwa amepigilia waya uliotoka kwenye kichanja kikuukuu cha kuanikia kahawa. Ulikuwa na kutu, na ncha zake zilichomoza kama miiba.

"Mwalimu, huu waya utatuchana," Edina alimwambia wiki iliyopita.

"Wewe umekuja kucheza au kukagua?" mwalimu alimjibu. Wenzake wakamcheka.

Jumatano hii golikipa Ephrasia aliruka kudaka mpira, mkono ukanasa kwenye waya. Kiganja kikachanika. Mwalimu Clemence alikifunga kwa kitambaa cha kufutia ubao, kichafu, kimejaa vumbi la chaki. Kisha akawakusanya wachezaji.

"Mkiulizwa, alianguka kwenye ngoro akienda nyumbani. Mmesikia?"

Wakaitikia, Edina naye. Huku Umatengo kila mteremko una ngoro, yale mashimo ya kulimia mahindi, na watoto huanguka humo kila siku. Nani angebisha?

Jumamosi Edina alikwenda kumwona rafiki yake. Mkono ulikuwa umevimba, unatoa usaha wa kijani, unanuka kama samaki aliyeoza. Edina aliziba pua. Mama Ephrasia alikuwa anampeleka mwanawe zahanati, naye akafuatana nao.

"Umeumizwa na nini?" nesi aliuliza.

Ephrasia alitazama sakafu. "Nilianguka kwenye ngoro."

Nesi alisafisha kidonda juu juu, akachukua bandeji.

"Si kweli!" Edina alisema. "Ni waya wa golini, una kutu. Mwalimu nilimwonya, kisha akatuambia tudanganye."

Nesi aliiweka bandeji chini. Alikipekua kidonda, akatoa kipande cha waya, kirefu kama punje ya mchele.

"Ningekifungia humu humu," alisema kwa hasira. "Huu mkono ungekatwa." Akamchoma Ephrasia sindano ya pepopunda.

Jumatatu Mama Ephrasia alikiweka kile kipande mezani kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Clemence na Edina walikuwa wameitwa.

"Mama, ulisaini fomu kwamba ajali za michezo si juu ya shule," mwalimu mkuu alianza.

"Nilisaini mwanangu acheze mpira. Sikusaini achanwe na waya ambao mwalimu alikwisha kuambiwa na Edina kuwa ni hatari. Na huo uongo, nao niliusaini?"

Mwalimu mkuu alimgeukia mwenzake. "Uliambiwa?"

"Niliambiwa," Mwalimu Clemence alijibu.

Mwalimu mkuu alikitazama kile kipande chenye usaha uliokauka, akakunja uso. "Kitu hiki kinatia kinyaa, na wewe mwalimu pia. Fomu haifuti wajibu wetu. Matibabu ni juu ya shule, na leo hii naandika taarifa kwa Afisa Elimu Kata."

Mchana ule Mwalimu Clemence aliung'oa waya kwa koleo, darasa la sita lote likimtazama.

Mama Ephrasia alimshika Edina bega. "Umesema, nakushukuru. Lakini siku tatu mlinyamaza, mkono wa mwenzenu ukioza. Mtu mzima akikutuma uongo kuhusu kidonda, anajilinda yeye, si wewe. Siku nyingine usingoje kinuke. Sema siku ile ile."