Mtaalamu Aliyeitwa Kazini

Kiti cha Pak Sumitro kilikuwa na joto. Wuryani alikigusa kwa bahati tu, akikisogeza apite na ramani zake, akarudisha mkono haraka. Mzee huyo alizikwa mwaka uliopita, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vipuri vya pikipiki, mjini Semarang, ikijitafutia riziki kwa kuchora mipango ya miji ya watu wengine. Zabuni za serikali zinataka wataalamu wenye vyeti, na kampuni isiyo nao huazima jina: cheti kinawekwa, mwenyewe haonekani, kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. Safari hii Pak Hardoyo, mkurugenzi, alikosa wa kumwazima, akamwambia Wuryani aweke cheti cha marehemu. Wuryani alisita. Akaambiwa maiti hadai mshahara, ofisi nzima ikacheka, naye akaandika: Sumitro, mtaalamu wa mifereji. Zabuni wakashinda.

Ndipo makubwa yalipoanza. Kwanza ilikuja harufu, sigara za karafuu na tope la mtaroni, mchana kweupe. Kisha penseli ikawa inakwaruza karatasi nyuma ya kabati na kunyamaza ukigeuka. Hayo Wuryani angeyavumilia. Kilichomkata maini ni ramani. Mfereji mpya wa kuzuia mafuriko, ule mstari wa buluu walioupitisha kwenye uwanja mtupu, kila asubuhi ulikuwa umesogea, umechorwa kwa mkono wa Pak Sumitro alioufahamu tangu alipokuwa mwanafunzi wake, na ulikuwa ukielekea mtoni, kwenye mtaa alikozaliwa Wuryani, kwenye nyumba ya mwisho ya kichochoro ambamo mama yake aliishi peke yake. Aliufuta. Kesho yake ulikuwa karibu zaidi.

Siku mstari ulipogusa ukuta wa nyumba hiyo, mama alipiga simu. Maji yalikuwa yakipanda kutoka chini ya sakafu ya jikoni, na mvua haijanyesha. Maji meusi, alisema, yananuka karafuu.

Wuryani alimkokota Pak Hardoyo hadi kwa Kiai Mahfud, shehe wa msikiti wa jirani. Shehe aliwasikiliza kichwa chini, akawaambia marehemu harudi. Huyo ni jini aliyeishi naye, amebaki hana kazi.

"Mmemwita kwa jina, ameitika," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeliandika ndiye amtoe. Aseme ukweli mbele ya waliodanganywa."

"Tukisema tumekwisha, Kiai," Pak Hardoyo alinong'ona. "Kampuni itafungiwa."

"Na nyumba ya mama yangu, Pak?"

Pak Hardoyo akainuka kutafuta viatu vyake.

Kikao cha kuwasilisha mpango kilifanyika ofisi za mji, na wataalamu walitakiwa wafike wenyewe. Katibu alisoma majina, na alipofika la Sumitro, kiti kitupu kando ya Wuryani kililia kama kimekaliwa na mtu mzito, harufu ikamjaa puani, na kabla hajafungua kinywa kitu kikaitika, "Nipo," kwa sauti ya mzee aliyezoea sigara, na wanakamati wakainamisha vichwa kwa heshima, wakitabasamu, wakimwangalia huyo aliyekaa pale, naye Wuryani asithubutu kugeuza shingo, akihisi bega lake la kushoto likilowa maji ya baridi, hadi akasimama.

"Pak Sumitro alishafariki," alisema. "Jina lake niliandika mimi. Hana kazi hapa."

Kiti kilikwaruza sakafu. Harufu ikakatika. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amempa mkono yule mzee mlangoni walipoingia, akabaki anaupangusa mkono wake kwenye suruali, anaupangusa tu.

Mkataba ulifutwa, na Wuryani akafukuzwa kazi palepale kwenye ngazi, madereva wakimtazama. Hakujali. Alikuwa na furaha mpaka machozi yakamtoka. Akampigia mama.

Jiko limekauka, mama alisema, kavu kabisa kama halijawahi kuingia maji.

"Lakini Nduk, mwanangu, ungeniambia basi kama unaniletea mgeni."

"Mgeni gani, mama?"

Mama alishusha sauti, asisikike sebuleni.

"Huyu mzee wa ofisini kwenu. Maskini, amelowa chapachapa. Anasema umemwachisha kazi na hana pa kwenda, na wewe ndiye uliyemwita. Nimeshamtandikia chumba chako."