Simama Useme Ni Wako

— Usinishike kiuno kama huna la kusema, Mutiso. Pima nguo ama uniachilie niende.

Mutiso aliondoa mkono haraka, akavuta futi iliyoning'inia shingoni na kujifanya anapima bega. Siku ya soko pale Kalamba macho ni mengi, na veranda ya fundi wa nguo haina mlango. Muthoki hakuwa na nguo ya kushona. Mwaka huo wa 1976 jua lilikuwa limekausha kila kitu, nani alikuwa na kitambaa? Alikuja kwa sababu amechoka kupendwa kwa kujificha.

— Unajua ninavyokupenda, alisema Mutiso kwa sauti ya chini. Kama si huu ukoo, ningekuoa jana.

— Hilo umeniambia miaka mitatu sasa.

— Kwa sababu ni kweli. Wewe ni mtu, Muthoki, si ng'ombe wa ukoo. Kila mtu ana uhuru wake. Lakini wale wazee utawaambia nini?

Ngoja niwaeleze vizuri, ninyi ambao si wa kwetu. Muthoki alikuwa ameolewa, lakini hakuwa na mume. Aliolewa na mwanamke. Ukambani tunamwita iweto: mama aliyekosa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto atakaozaa msichana huyo, baba awe nani, wanahesabiwa wa nyumba ile. Mjane Mbula hakuwa amezaa hata mmoja. Alipeleka ng'ombe watatu na mbuzi wanane kwa babake Muthoki, akamleta kwake akiwa na miaka kumi na tisa. Msichana hakuulizwa. Aliambiwa tu afunge nguo zake.

Huyu Mutiso alikuja baadaye, kwa mapenzi yao wenyewe, na Mbula hakumfukuza. Wakapata msichana, Mbinya, ambaye sasa alikuwa na miaka miwili na paji la uso la Mutiso vile vile lilivyo. Soko zima lilijua na hakuna aliyesema. Mtoto akikohoa, Mbula ndiye aliyechemsha dawa. Unga ukiisha, Mbula ndiye aliyeuza mbuzi. Mutiso alikuja Jumapili baada ya kanisa, akala, akamrusha mtoto juu mara mbili akacheka, akarudi zake kwa cherehani. Jamani, nani asingependa maisha kama hayo?

— Basi nitawauliza, alisema Muthoki.

— Waulize, alijibu Mutiso, na akatabasamu kama mtu anayejua jibu litakuwa hapana.

Alianza na mwenye nyumba. Mbula alikuwa amekaa nje ya jiko anachambua mbaazi kwenye ungo. Muthoki alipiga magoti mbele yake. Njia nzima kutoka sokoni alikuwa amepanga maneno mazuri ya kuanzia, lakini yalimpotea yote.

— Mwaitu, nataka kutoka.

Mwaitu ni mama yangu, hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza.

— Kutoka kwenda wapi?

— Kwa Mutiso. Mimi na Mbinya.

Mbula hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe kwenye mbaazi, moja moja, mpaka akaumaliza ungo. Muthoki alingoja kofi. Badala yake yule mama alianza kuongea polepole. Alisema aliolewa na miaka kumi na mitano na mwanamume aliyemwona kwa mara ya kwanza siku ile ile. Alikaa miaka thelathini bila mtoto, na mama mkwe akamtukana mpaka siku alipozikwa. Mume alipokufa, waombolezaji hawajarudi makwao, shemeji yake Musyoka alikuwa tayari anapanga wanawe saba watalima wapi. Ndiyo maana alioa. Sasa Muthoki akienda na mtoto, nyumba imefungwa, shamba ni la Musyoka, na yeye atakuwa anakula kwa hisani ya wake za watu. Aliyasema yote bila chozi, na hilo ndilo lililomuumiza Muthoki zaidi.

— Nililia waliponipeleka bila kuniuliza, alisema Mbula. Kisha mimi mwenyewe nikakufanyia vile vile. Nilijua siku ile ulipofika hapa macho yamevimba, na nikanyamaza, kwa sababu nilikuhitaji.

— Mwaitu...

— Ngoja nimalize. Ng'ombe sidai. Walikufa wote kwa babako na hiki kiangazi, nitamdai ngozi? Nataka kitu kimoja. Jumatano nitaita wazee. Mutiso asimame mbele yao aseme mtoto ni wake, na wewe ni wake, na lolote litakalowapata aulizwe yeye. Akisema hivyo, nendeni.

— Hicho tu?

— Kwani ni kidogo?

Asubuhi yake Muthoki karibu akimbie njia yote hadi sokoni. Alimkuta Mutiso anashona kaptula ya shule, akamwaga habari zote kwa pumzi moja. Alitarajia ainuke amkumbatie, watu waone wasione. Mutiso aliacha mguu juu ya pedali na cherehani ikanyamaza. Aliuliza habari ya ng'ombe. Muthoki akamwambia wamesamehewa. Aliuliza Musyoka atasemaje. Muthoki akamwambia Mbula ndiye mwenye nyumba, Musyoka atanung'unika tu. Akakumbuka kanisa, kwamba yeye ni mwimbaji wa sauti ya tatu na watamsimamisha. Kila mlango uliofunguliwa, yeye alitafuta mwingine uliofungwa.

— Na kwa nini mbele ya watu wote? aliuliza mwishowe. Tutoroke tu. Ijumaa lori la kabeji linarudi Nunguni. Huko, ukitoa binamu yako, hakuna anayetujua.

— Tunamtoroka nani?

— Ukoo.

— Ukoo umeambiwa utuachilie twende, Mutiso. Nani anatufukuza?

Alikunjakunja ile kaptula, akaikunjua, kisha akasema sawa, Jumatano atakuja. Muthoki akaamini. Msimcheke. Yule kijana alikuwa na sauti tamu, hata mimi ningeamini. Na Jumanne jioni alimtumia barua kwa mkono wa mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya kaki aliyokatia vipimo:

"Muthoki wangu, moyo wangu uko kwako kama kawaida. Kesho usiongee mengi, niachie mimi. Najua la kufanya. Wako, M."

Aliisoma mara tano. Akaosha leso yake nzuri, akaianika.

Jumatano wazee watano walikaa kwenye vigoda bomani kwa Mbula, na Musyoka katikati yao amejiweka kama mwenye nyumba. Mutiso alifika amevaa koti la Jumapili. Hakumwangalia Muthoki. Mbula hakuzungusha maneno.

— Mutiso, mtoto huyu ni wa nani?

Mutiso alikohoa. Alianzia mbali kabisa. Aliwashukuru wazee kwa kumkaribisha, akawashukuru kwa kutunza mila, akasema vijana wa siku hizi wamepotea kwa sababu kila mmoja anataka kuishi peke yake. Muthoki alisikiliza akidhani anazunguka ili aje afike. Kisha akafika.

— Mimi ni kijana wenu, wazee wangu. Siwezi kujitenga na watu nikafanya langu. Mkisema mtoto ni wa nyumba hii, mimi ni nani nipinge? Mtakaloamua ninyi, nami nimelikubali.

Musyoka aligonga fimbo chini kwa furaha.

— Mmesikia? Kijana mwenye adabu. Mnaona vile mtu aliyelelewa anaongea?

— Sikuuliza wazee wanasema nini, alisema Mbula. Nimekuuliza wewe.

— Hayo ni mambo ya ukoo, mwaitu.

Muthoki alisikia aibu kwanza, moto kabisa, kutoka shingoni mpaka masikioni. Huyu ndiye aliyemwambia yeye si ng'ombe wa ukoo. Huyu wa uhuru. Kumbe ukoo haukuwahi kumzuia hata siku moja. Ulikuwa umemfunika, na alikuwa amelala humo vizuri. Baada ya aibu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyomwinua. Alimbeba Mbinya akasimama pale ambapo Mutiso alikuwa amesimama.

— Basi nitasema mimi. Mtoto huyu ni wangu. Akishikwa na njaa, akishikwa na ugonjwa, akiharibika tabia, niulizwe mimi. Mwaitu alitaka mtu asimame. Nimesimama.

Musyoka alicheka, akauliza wenzake tangu lini mwanamke akajitwalia mtoto wa nyumba ya watu.

— Mimi ni mwanamke, Musyoka, alisema Mbula, na hapa ndimi niliyeoa. Mke ni wangu. Mtoto ni wa nyumba yangu. Na nyumba yangu imesema waende.

Mzee mmoja alinusa ugoro wake, akakubali kwa shingo upande kwamba kwa mila hiyo hiyo waliyokuja kuilinda, mwenye neno ni Mbula. Musyoka aliguna mara moja tu. Msidhani alihuzunika sana. Macho yake yalikuwa yameshavuka ua, yako shambani.

Wazee walipoanza kuondoka, Mutiso alimfuata Muthoki hadi kando ya ghala.

— Sasa uko huru, alimnong'oneza. Hakuna wa kutuzuia. Tangulia Nunguni kwa binamu yako, nitakufuata mwezi ujao, mambo yakitulia.

— Kwa nini si leo?

— Watu wanatuangalia.

— Hapa tuko wawili, Mutiso. Jibu swali la mwaitu, unijibu mimi peke yangu. Huyu ni wa nani?

Mutiso alimwangalia mtoto. Alifungua mdomo, na nadhani alitaka kusema, sitamnyima hilo. Mzee mmoja akapita karibu nao akikokota viatu. Mutiso akafunga mdomo.

— Nenda kashone, alisema Muthoki. Na usinifuate Nunguni.

Ndani ya nyumba Mbula alikuwa anamfungia mbaazi na mahindi kidogo kwenye mfuko, mahindi ambayo Muthoki alijua ndiyo ya mwisho. Binamu ya Muthoki alikuwa Nunguni akichuma kahawa kwenye mashamba ya watu, na huko hakukosekani kibarua. Walikubaliana hilo kwa maneno machache. Halafu Mbula akaacha kufunga.

— Nilipokuleta sikukuuliza. Nataka nikuulize leo, wakati hakuna wa kukulazimisha. Muthoki, utakaa na mimi?

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwuliza swali hilo. Muthoki alimwangalia yule mama aliyemshika mgongo usiku wa kuzaa, aliyelinyima ugali tumbo lake mwenyewe ili yeye apate maziwa ya kunyonyesha. Alimpenda. Alijua akisema ndiyo, nyumba itasimama na Musyoka atakaa kwake. Neno lilikuwa dogo tu, na lingeponya watu wengi. Lakini halikuwa lake.

— Hapana, mwaitu.

Alilia alipolisema. Mbula alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu.

— Sawa. Angalau leo nimekuuliza.

— Nitamleta Mbinya umwone. Baada ya kila mavuno. Hilo nalo niulize mimi.

— Nitakuuliza.

Mbula alimbeba mtoto mgongoni mwake mwenyewe mpaka barabara kubwa, akikataa kusaidiwa. Walipofika alimfungua, akamfunga mgongoni mwa mamake, akakaza fundo la leso. Mbinya alidhani ni mchezo, akawa anamshika bibi yake masikio.

— Nenda haraka, alisema Mbula. Mimi pia ni mtu, naweza kubadilisha neno langu.

Muthoki akaenda haraka.