Boti ya Miguu Miwili Niliyomletea Bibi Yangu

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, na nafasi ninayoshika darasani tuiache kama ilivyo. Ninachokiweza mimi ni utani. Naiga sauti ya mwalimu mkuu, ya muuza samaki, hata ya mbuzi anayedai talaka. Chekeni sasa hivi... maana mbele hakuna cha kuchekwa.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahawa, tukiishi na mama pia, kwenye kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Barabara yetu ni maji. Yakijaa tunasafiri, yakipwa kinabaki tope na mikoko, na hapo hata uwe nani utasubiri.

Kwa desturi yetu, bibi ni mke wa mjukuu. Bibi aliniita mume wangu tangu sijajua kufunga suruali.

"Mume gani wewe, hata mboga hununui?" alikuwa akinisuta.

"Mke gani wewe, hata meno huna?"

Tulicheka hadi majirani wakatushangaa.

Likizo iliyopita nilikwenda Dar kwa mjomba. Huko nikaziona boti mpya za kuvusha watu wanaokwenda na kurudi kazini. Katamarani, wanaziita. Chini ni kama mitumbwi miwili mirefu iliyoungwa pamoja, juu nyumba ya vioo, ndani viti vya sponji na kiyoyozi. Watu wa ofisini wamekaa na tai zao wanachezea simu, na chai haimwagiki! Nilipanda mara tatu bila shughuli yoyote, nikapiga picha hadi simu ikajaa.

Niliporudi nikawaonyesha watu wote. Bibi akazitazama, akasema, "Boti ina miguu miwili mizima, na mimi hapa nina mmoja mbovu."

Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Alikanyaga mzizi wa mkoko akitafuta kaa, na kwa sababu ya kisukari miguu yake ina ganzi. Hakusikia kitu mpaka kidonda kilipoanza kunuka. Muuguzi wa zahanati akamwambia kesho asikose kwenda hospitali ya Mchukwi. Mzee Hamisi, mwenye boti ya mashine hapo kijijini, akakubali kumchukua alfajiri maji yakiwa yamejaa, amfikishe Nyamisati akapande gari.

Hayo yote niliyajua. Nisije nikawadanganya na nyinyi.

Mchana huohuo nikajirekodi kwa sauti nzito ya mkubwa wa mjini. Ndugu wananchi, kesho saa nne asubuhi boti ya kisasa itafika kujaribu njia za delta, wazee na wagonjwa watapanda bure hadi Nyamisati. Nikajua watauliza, saa nne si maji yamepwa? Nikaongeza kwamba boti hii ina matumbo mawili, haihitaji maji mengi. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwa laini isiyojulikana, na picha juu yake. Nilichotaka ni kumwona mwenyekiti wa kijiji amevaa koti kwenye joto, anasubiri hewa. Basi.

Jioni bibi akaniita.

"Mume wangu, wewe umezipanda hizo boti. Ni za kweli?"

"Za kweli kabisa."

"Na hiyo ya kesho inakuja?"

"Si umesikia tangazo?"

Ndivyo nilivyomjibu. Mpaka leo najiuliza, ningepungukiwa nini kama ningesema hapana?

Alfajiri nilikuwepo gatini. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, kajifunga khanga yake mpya. Mzee Hamisi kawasha mashine.

"Bi Mwanahawa, unapanda au hupandi? Maji yanaanza kurudi hayo."

"Nenda zako, Hamisi. Boti yako inanirusha kama pweza, mguu unagonga mbao. Mume wangu kaniletea boti ya Dar."

Mzee Hamisi akanigeukia. "We Rashidi, una hakika?"

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini vijana wenzangu wawili walioujua utani huo walikuwa pembeni wamebana vicheko, na fimbo ya mama naijua. Nikatikisa kichwa kukubali... Boti ikaondoka.

Saa nne mwenyekiti akaja na koti kweli. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Saa sita mto ulikuwa tope tupu, watu wanatukana, wanaondoka. Bibi alibaki peke yake kwenye kiti chake.

"Labda wamepotea kwenye mikoko," akaniambia. "Wageni hao."

Jioni maji yalipojaa, Mzee Hamisi alirudi, lakini gari Nyamisati hakuna tena saa hizo. Tukaondoka naye, mimi na mama, alfajiri ya pili. Bibi alikuwa anatetemeka kwa homa, mguu umevimba na kuwa mweusi hadi juu ya kifundo. Njia nzima, kuanzia kwenye maji hadi tunafika Mchukwi, hakunitania hata mara moja.

Daktari alifungua kitambaa. Kisha akamwambia mama kwamba kama tungefika jana, huenda angekata vidole viwili tu. Sasa ni chini ya goti.

Bibi alipozinduka baada ya upasuaji nilimwambia ukweli wote, nikilia. Nilisubiri anitukane. Hata anitemee mate. Alinitazama, akauliza, "Ile sauti ilikuwa yako?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani.

Wasomaji wenzangu, hasa nyie wachekeshaji wa darasa, sikatazi utani. Lakini siku utakapoona mtu amepanga safari yake juu ya uongo wako, fumbua mdomo palepale. Uchapwe, uaibike, uchekwe wewe. Mimi nilikuwa na nafasi tatu za kusema, na zote nilizila kwa kuogopa fimbo!

Sasa kila akienda kusafishwa kidonda, mimi ndiye ninayembeba mgongoni hadi kwenye boti ya Mzee Hamisi. Juzi nilijaribu. Nikamwambia, "Mke wangu, siku hizi umekuwa mwepesi."

Tukafika gatini.

"Nishushe hapo, Rashidi," akasema.